Nani Anapaswa Kukariri Darasa?

Shuleni kwetu neno kukariri lina kazi mbili. Mtoto aliyelishika shairi kichwani na kulisema bila kuangalia kitabu, tunasema amelikariri. Mtoto aliyefeli mtihani wa mwisho wa mwaka akabakizwa darasa lile lile, naye tunasema anakariri. Wa kwanza anapigiwa makofi. Wa pili anaitwa majina na wadogo zake waliomkuta pale pale.

Kazi yangu ya uandishi wa habari imenikalisha kwenye ofisi za walimu mara nyingi, na mwisho wa mwaka nimeona jinsi uamuzi huu unavyofanyika. Haufanyiki kwa ukatili. Mwalimu wa darasa anasoma majina, mwalimu wa taaluma ana karatasi ya alama, mwalimu mkuu anauliza, "Huyu vipi?" Mtu anajibu, "Huyu ni yule asiyesikia vizuri." Basi, akariri. Dakika moja haijaisha, wanahamia jina linalofuata. Shule moja niliyoitembelea ilikuwa na mvulana wa miaka 12 darasa la tatu. Alishakariri mara mbili. Kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wenzake, alikalishwa nyuma ili asiwazibe. Baadaye sana ndipo ikajulikana kwamba macho yake hayaoni ubaoni. Kila alipokariri alizidi kuwa mrefu kuliko wenzake, na kila alipozidi kuwa mrefu alisogezwa mbali zaidi na ubao.

Nilianza kujiuliza desturi hii ilitoka wapi. Nani aliamua kwamba mtoto asiyeona au asiyesikia vizuri anatibiwa kwa kurudishiwa mwaka? Nilichokipata kwenye vitabu ndicho ninachokisimulia hapa.

Tuanze na jambo ambalo tunalisahau. Darasa, kwa maana ya kundi la watoto wa rika moja wanaosoma kitabu kimoja na kuvuka pamoja mwezi mmoja, si kitu cha tangu na tangu. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, mtoto alikuwa na mahali pake mwenyewe ndani ya msahafu. Mmoja yuko kwenye alifu, wa pembeni yake yuko Juzuu Amma, wa tatu anakaribia kuhitimu, na wote wamekaa mkeka mmoja mbele ya maalim mmoja. Asiyejua somo la jana alirudia somo la jana, na mwaka mzima haukuguswa. Sisemi chuo kilikuwa pepo. Bakora ilikuwepo, na wapo waliokimbia wasirudi. Ninachosema ni kwamba kukariri darasa hakukuwepo, kwa sababu darasa lenyewe halikuwepo. Na kwa kuwa masomo yalipita sikioni na mdomoni, mtoto asiyeona aliweza kukaa pale kama wengine.

Wapenzi wa fasihi wanamjua mmoja wao. Taha Hussein alizaliwa Misri mwaka 1889, akapoteza macho akiwa mdogo sana, akapelekwa chuo cha kijijini. Katika Al-Ayyam, kitabu cha maisha yake, anasimulia kwamba alihifadhi Kurani yote kabla ya kutimiza miaka tisa, akaanza kuitwa sheikh. Kisha hakuna aliyemfuatilia, na kidogo kidogo ikamtoka. Siku baba yake alipomtaka aisome mbele ya wageni, akakwama. Ikabidi arudi chuoni aanze upya. Kwa lugha yetu, alikariri. Lakini kitabu hakimwachii mtoto peke yake mzigo wa aibu ile. Kinamwonyesha pia maalim aliyeridhika na sifa, akaacha kazi. Mtoto huyo alipata shahada ya udaktari mwaka 1914, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu wa Misri.

Sasa twende kwenye darasa kama tunavyolijua leo. Mfano wake ulitoka Prussia, na Wamarekani wakauiga. Mwishoni mwa miaka ya 1840 mjini Boston ilifunguliwa Quincy Grammar School chini ya John Philbrick. Lilikuwa jengo lenye vyumba 12, kila chumba na mwalimu wake, kila mtoto na dawati lake. Kila chumba kikawa daraja, na kila mwaka mtoto akapanda kutoka chumba hiki kwenda kile. Ulikuwa mpango mzuri kwa miji iliyojaa watoto. Lakini ukiweka ngazi, lazima kuwe na anayekwama kwenye kipandio.

Waingereza wakaongeza pesa kwenye ngazi hiyo. Mwaka 1862, chini ya Robert Lowe, serikali ilileta kanuni mpya: ruzuku ya shule ingetegemea mahudhurio ya watoto na matokeo yao. Mkaguzi alikuja shuleni akampima mtoto mmoja mmoja kusoma, kuandika na hesabu. Vilikuwepo viwango sita, na kila kiwango kiliitwa Standard. Ndilo neno lililokuja kupanda meli hadi kwetu. Mzee aliyesoma enzi za Mwingereza bado atakwambia, "Mimi niliishia Standard Four." Kabla halijawa jina la darasa letu, lilikuwa kipimo cha kulipia shule. Mtoto aliyefaulu aliingiza fedha. Mtoto aliyefeli alikuwa hasara, hata kama kilichomwangusha ni masikio yake.

Halafu elimu ikawa ya lazima. Huko Ulaya na Marekani, watoto ambao zamani wangebaki shambani au ndani ya nyumba sasa walitakiwa waje shule. Wakaja wote, na wasioona vizuri, na wenye kifafa, na wale ambao akili zao zilikwenda kwa mwendo mwingine. Wengi wakakwama madarasa ya chini. Ufaransa iliunda tume mwaka 1904 kulitazama suala hilo, na mwaka uliofuata Alfred Binet na Théodore Simon wakatoa kipimo chao maarufu cha akili. Lakini kabla mtoto hajafika kwenye kipimo, Binet alitumia kanuni nyepesi ya kumtambua: aliye chini ya miaka tisa awe amechelewa miaka miwili ya darasa, na aliyezidi hapo awe amechelewa mitatu. Yaani dalili ya kwanza ya upungufu wa akili ilikuwa ni darasa alilokalia.

Miaka michache baadaye, mwaka 1909, Mmarekani Leonard Ayres alichapisha kitabu kiitwacho Laggards in Our Schools. Alihesabu watoto wa miji ya Marekani na kukuta kwamba takriban theluthi moja walikuwa wakubwa kuliko darasa walilomo, na kama mtoto mmoja kati ya sita alikuwa anarudia. Hakusema theluthi nzima ya watoto ni wajinga. Alitaja kuchelewa kuanza shule, magonjwa na utoro, na akaandika kwamba mtaala ulitungwa kwa kipimo cha mtoto mwerevu kupita kawaida, si wa kawaida wala wa polepole. Yaani lawama aliipeleka kwenye ngazi.

Hapo kuna jambo la lugha linalonisumbua. Neno la Kiingereza ambalo kina Ayres walilitumia lilikuwa na maana ya "aliyechelewa". Lilikuwa neno la takwimu, la kumhesabu mtoto aliyezidi umri wa darasa lake. Katika karne iliyofuata neno hilo hilo liligeuka kuwa tusi kwa watu wenye ulemavu wa akili, tusi zito kiasi kwamba sheria za Marekani zimelifuta. Kwanza mtoto alichelewa darasani, halafu kuchelewa kukahamia kwenye mwili wake kukawa yeye.

Na elimu maalumu, kwa sehemu kubwa, ilizaliwa kwenye mlundikano huo. Huko New York, Elizabeth Farrell alianza mwaka 1899 kufundisha darasa lisilo na daraja kwa watoto ambao mfumo uliwashindwa. Alitumia kazi za mikono na mambo ya mtaani kwao. Wazo lilikuwa zuri: usipokuwa na daraja, hakuna wa kukariri. Lakini madarasa ya namna hiyo yalipoenea, mengi yakawa mahali pa kumweka mtoto ili asisumbue wengine. Huko hakukuwa na kukariri, na hakukuwa na kuvuka pia.

Labda msomaji anasema, basi dawa ni kuwavusha wote. Ngoja kwanza. Historia ina kesi inayotakiwa kutufikirisha.

Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma ya bure inayomfaa, pamoja na mpango wake binafsi wa masomo unaoandikwa na walimu na wazazi. Muda mfupi baadaye wazazi wa Amy Rowley, msichana kiziwi wa jimbo la New York, waliiomba shule impatie mkalimani wa lugha ya alama. Shule ilikataa. Amy alikuwa hodari wa kusoma midomo na alama zake zilikuwa nzuri. Lakini mahakama ya kwanza iliona kwamba kati ya yote yaliyosemwa darasani, aliyoyapata hayakufika asilimia 60. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1982 wazazi wakashindwa kwa kura sita dhidi ya tatu. Moja ya hoja za majaji walio wengi ilikuwa kwamba mtoto anavuka darasa hadi darasa bila shida, kwa hiyo ananufaika.

Tazama mambo yalivyogeuka. Kukariri kulikuwa ushahidi kwamba mtoto ana kasoro. Hapa kuvuka kumekuwa ushahidi kwamba mtoto hadai kitu. Amy alivuka kwa juhudi zake, na juhudi zake zikatumika kumnyima mkalimani.

Ilichukua miaka 35 mahakama ile kurudi kwenye swali hilo kwa uzito. Mwaka 2017 ilisikiliza kesi ya Endrew F., mvulana mwenye usonji kutoka Colorado. Wazazi wake walilalamika kwamba malengo kwenye mpango wake yalikuwa karibu yale yale mwaka hadi mwaka. Kwenye karatasi alikuwa anapanda madarasa. Kwenye masomo alikuwa anakariri, na hakuna aliyeuita ukariri. Safari hii majaji wote walikubaliana kwamba shule lazima impe mtoto mpango unaolenga maendeleo yanayolingana na hali yake, na hatua ndogo ya kuonyesha tu kwamba kuna kitu kimefanyika haitoshi.

Sasa turudi nyumbani. Ngazi tuliipokea pamoja na jina lake, na kwa muda mrefu ilikuwa ngazi nyembamba. Watoto wenye ulemavu wengi hawakuwa hata kwenye kipandio cha kwanza. Waliopata shule walizipata kwa watu wa dini: Salvation Army walifungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946, Waanglikana wakafungua Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Wakatoliki shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Shule hizo zilikuwa na kitu ambacho darasa la kawaida halikuwa nacho, yaani nukta nundu kwa wasioona na walimu waliojua kazi hiyo.

Kwa viziwi mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba viziwi wafundishwe kwa matamshi na kusoma midomo, lugha ya alama iwekwe kando. Karibu wote waliopiga kura walikuwa watu wanaosikia. Kivuli cha mkutano ule kilifika hadi Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi shule zetu za viziwi nazo zilishikilia matamshi. Mtoto alitumia miaka kujifunza kutoa sauti asiyoisikia, huku kusoma na hesabu vikimsubiri. Ukimkuta wa namna hiyo na umri wa miaka 15 darasa la nne, nani amechelewa hapo? Yeye, au njia aliyofundishwa?

Kisha milango ikafunguliwa. Azimio la Musoma la 1974 liliisukuma Tanzania kwenye elimu ya msingi kwa wote kufikia 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania na Kenya zote mbili ziliondoa ada za shule za msingi. Watoto wakamiminika. Safari hii wengi wenye ulemavu waliingia shule ya kawaida ya jirani, kwenye chumba chenye watoto 80 na mwalimu mmoja mwenye chaki. Lile lililotokea Ulaya karne moja kabla likatokea kwetu: wakaja, wakakwama, wakakaririshwa.

Kenya iliamua kulikabili jambo hili kwa sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inasema mwanafunzi asizuiliwe darasani wala kufukuzwa. Sababu zilikuwa wazi kwa yeyote aliyefuata habari za mitihani kule: shule zilishindana kwa wastani wa alama, na njia rahisi ya kuulinda wastani ni kumzuia mtoto dhaifu asifike darasa la mtihani. Ni hesabu ya Robert Lowe, imebadilishwa nguo tu. Lakini kifungu kinachokataza kukaririsha hakileti kioo cha kukuzia maandishi wala mwalimu wa lugha ya alama. Mtoto anaweza kuvushwa kila Januari kwa amri ya sheria na bado akawa hasikii neno.

Kwetu Tanzania, Baraza la Mitihani lina utaratibu mzuri kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Wasioona wanapata karatasi ya nukta nundu, wenye uoni hafifu maandishi makubwa, na wote wanaongezewa muda. Kwenye Hisabati ni dakika 20 kwa kila saa, masomo mengine dakika 10. Ni jambo la kujivunia. Lakini uamuzi wa kukariri mara nyingi haungoji mtihani wa taifa. Unatokana na jaribio la muhula, lile lililoandikwa ubaoni, mtoto akalinakili kwa kukimbizana na kengele. Pale hakuna dakika 20. Kwa hiyo mtoto anaweza kuangushwa mwaka baada ya mwaka na mitihani midogo isiyomjali, asifike kamwe kwenye ule mkubwa unaomjali.

Nisiwe mwepesi wa kulaumu. Nimezungumza na wazazi wanaoomba wenyewe mtoto arudie. Mama anasema bora akariri, labda ataelewa, kuliko kuvuka akiwa mtupu. Huwezi kumbeza. Anajua kwamba huko mbele hakuna atakayemsubiri mwanawe. Na kuna wakati yuko sahihi kabisa. Mtoto mwenye seli mundu aliyelala hospitali nusu ya mwaka, au aliyefanyiwa upasuaji wa miguu na kukosa mihula miwili, huyo amepoteza muda. Kukariri kunaweza kumrudishia.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, fundo lote lilipo. Kukariri kunarudisha kitu kimoja tu, nacho ni muda. Aliyekosa muda atapona. Aliyekosa ubao unaosomeka akirudishiwa mwaka, atapewa siku nyingine 194 za masomo za kutoona ubao. Kiziwi aliyekosa lugha atapewa ukimya ule ule kwa mara ya pili, safari hii na watoto wadogo wanaomcheka. Na kumvusha bila kumpa kitu hakumtoi kwenye shida hiyo, kunamhamishia chumba cha jirani. Ndiyo maana mabishano ya avuke au akariri hayajaisha tangu siku za Ayres. Pande zote mbili zinabishana kuhusu kalenda.

Na gharama si ndogo. Msichana wa miaka 15 aliyekaa darasa moja na wa miaka tisa hakai sana. Siku moja anaombwa abaki nyumbani amsaidie bibi, wiki inakuwa mwezi, na jina lake linaandikwa kwenye daftari la mahudhurio kuwa ni mtoro. Kwenye kumbukumbu za shule ataonekana aliacha mwenyewe.

Basi kama wewe ni mzazi, au shangazi, au mwalimu unayesoma hapa usiku baada ya kusahihisha madaftari, kikao cha mwisho wa mwaka kikifika usianze na swali la avuke au akariri. Uliza kwanza alikosa nini mwaka huu: muda, au kitu kingine? Kama ni kitu kingine, kitaje kwa jina lake. Kiandikwe: miwani, nukta nundu, mwalimu anayejua lugha ya alama, dawati la mbele, mlango ambao kiti cha magurudumu kinapita. Halafu uliza nani atakileta na lini. Majibu hayo yakiwepo, suala la darasa gani linakuwa jepesi, na mara nyingi mtoto anavuka. Yasipokuwepo, angalau kikao kisiandike kwenye ripoti kwamba mtoto ameshindwa. Kiandike kwamba shule imeshindwa kumfundisha mwaka huu, na kwamba itajaribu tena. Hapo neno kukariri litakuwa limemfikia anayestahili.